Kuamia Ndege Chokocho

Dada Zuhura, asalaam alaykum,

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Darasani majibu nayajua, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ila naogopa sauti yangu mwenyewe.

Masika yameisha na huku Chokocho kote ni kijani. Kila asubuhi natembea na simu nikipiga picha mabonde. Juma lililopita kwenye mpunga, bibi mmoja aliyekuwa juu ya dungu la miti akifukuza ndege aliniita.

"We mwana wa mjini, wapiga mpunga tu, mie hunioni?"

Nikamwomba nimpige picha.

"Basi ngoja nijitande kanga vyema. Shika debe, uwaamie wewe."

Nikaligonga debe.

"Na mdomo je? Bati wamelizoea hao, waogopa mtu."

Nikapiga ukelele, Dada, bonde zima likaitika na ndege wakaruka wote. Bibi akacheka hadi kanga ikamdondoka. Hapo nikampiga picha, ndiyo hii niliyoichapisha nyuma ya kadi.

Nasikia ndara za Shangazi zaja mlangoni. Kadi nilikuwa nimeifunika kwa mkono, sasa nimeuondoa. Akiuliza, nitamsomea.

Nisalimie Mama. Nimekukumbuka sana.

Mdogo wako,
Salma