Kodi Yako Imemfundisha Kusoma

4 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua tu kinanibana kwa baridi. Goti lako je, bado linakusumbua kwenye ngazi?

Baba, ofisini kwetu yameletwa mabango ya serikali kuhusu miradi ya wahamiaji. Moja limebandikwa kando ya dirisha langu, pale watu wanapopanga foleni kulipia maji. Kuna mzee ameshika kitabu cha watoto, kidole kiko chini ya neno. Pameandikwa: "Kodi yako imemfundisha kusoma." Koti ni lile nililokununulia. Niambie wamekosea.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, ila halijagoma. Kunywa maji ya moto, acha ubishi.

Hawakukosea. Ni mimi.

Unamkumbuka yule binti, mwalimu wa darasa la kusoma la wahamiaji hapa chini ya jengo letu? Ndiye aliyenipeleka hospitali goti lilipovimba. Siku moja alinijia mbio: "Mzee wangu, mkaguzi wa wizara yuko njiani, na darasani hamna mtu." Wanafunzi wake hufanya usafi hotelini saa zile zile za kusoma. Saa hizo zilipangwa na wizara, si yeye. Mkaguzi akikuta viti vitupu, fedha zinakatwa. "Njoo ukae tu, Mzee. Kukaa si dhambi."

Nikakaa. Tulijaa vikongwe, ungedhani foleni ya pensheni. Mkaguzi akanipa kitabu: "Babu, hebu tusomee kidogo."

Miaka thelathini naazima vitabu katika maktaba ya hapa. Nimesoma mpaka sheria zao za maji taka. Lakini binti alikuwa ananitazama. Basi nikakwama, nikarudia, nikapotea mstari. Nilikuwa namwiga mtu, mwanangu. Nilikuiga wewe, una miaka sita, ndio kwanza tumefika, nimekupakata unahangaika na lugha ya watu. Mkaguzi alifuta machozi. Kisha akaita mpiga picha.

Darasa limeongezewa fedha za mwaka mzima. Saa hazikubadilishwa. Viti bado vitupu.

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Kimya chako kimekuwa kirefu. Nimemwomba binti aondoe bango. Anasema si lake, ni la serikali. Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Wenzako wanajua kuwa ni mimi?

Baba yako

9 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Kifua kimepona. Nisamehe kwa kunyamaza.

Siku ile bango lilipobandikwa, mwenzangu wa dirisha la pili aliniuliza, "Mbona mmefanana na huyu mzee? Ni ndugu yako?" Nikasema simjui. Nikaongeza, "Kwani wahamiaji wote ni ndugu?" Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi yake.

Barua yako ilipofika niliitia mkobani, nikawa natembea nayo kila siku. Jana nikajikaza, nikamwambia: yule ni baba yangu. Nilitaka kuendelea, nimweleze yote, lakini nikamfikiria yule binti na darasa lake, na wateja walikuwa wametega masikio. Mwenzangu akanishika mkono, taratibu.

"Usione haya," akasema. "Si amejifunza? Ipo siku atakuandikia barua."

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Nikasema asante.

Mwanao