Kwa Mama, Arkidikoni Rosalind Hebblewhite, na Mkate Alioula Bwana Ormerod

Waumini wote wa mtaa wetu, na ulimwengu kwa jumla, mnatangaziwa rasmi kwamba familia ya marehemu Arkidikoni Rosalind Hebblewhite imeketi kikao na kuazimia kumkumbuka. Kikao chenyewe kilikuwa mimi na paka, jikoni.

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu moyo wako uliposimama, nawe ukikagua mifereji ya paa la kanisa.

Miaka ishirini na miwili uliwatahini madereva wa mkoa wetu wa Lancashire, ukafelisha nusu yao kwa upole. Ulipofika arobaini na nane ukavaa kola ya ukasisi. Hata madhabahuni ulitazama kushoto na kulia kabla ya kugeuka. Tulipogombana mezani ulisema tu, "Egesheni kando," nasi tukanyamaza.

Lakini mzee wa kanisa, Bwana Ormerod, hakunyamaza.

"Bi Rosalind, rudi kwenye magari yako," alikuambia mlangoni, watu wakisikia. "Meza ya Bwana haina leseni ya wanawake."

"Nawe ulifeli mara tatu, Bwana Ormerod," ukamjibu. "Hutazami kulia."

Miaka tisa hakupokea mkate mkononi mwako. Ulipoongoza ibada alibaki ameketi, mikono kifuani. Kisha ukafanywa Arkidikoni, msimamizi wa makasisi na majengo ya kanisa, na kila mwaka mzee wa kanisa haanzi kazi bila kuapa mbele ya Arkidikoni. Kila Mei akaja, akaapa akiviangalia viatu vyako. Ulimpa chai. Mimi nisingempa hata maji ya kuoshea vikombe.

Sasa sikia nililolificha mwaka mzima. Jumapili yako ya mwisho ulibariki mkate, uliosalia ukafungiwa kabatini kwa ajili ya wagonjwa. Jumatano ukatutoka. Ijumaa, Bwana Ormerod akiwa kitandani amevunjika nyonga, kasisi msaidizi, mgeni kwetu, alimpelekea mkate ule. Baba alinituma nimwonyeshe njia. Mzee akala, akafumba macho, akasema, "Ahsante. Nimeshiba rohoni."

Mkate wako, Mama. Ulimlisha ukiwa umekufa. Bwana Ormerod, nayaandika haya katika gazeti la mtaa ili uyasome ukiwa na mkeo na majirani. Utapike ukiweza.

Hapa ndipo Bibi, mama yako, alipoingia jikoni, akaichukua karatasi, akavaa miwani.

"Thirza, hili ni tangazo la mama yako au hati ya mashtaka?"

"Ni kumbukumbu, Bibi."

"Basi kumbuka yote. Alipokuja kuongoza ibada shuleni kwenu, nani alibaki ameketi safu ya nne?"

Nilidhani hukuniona. Kumbe uliniona, ukamweleza Bibi.

Ilikuwa wiki tatu kabla hujafa. Wasichana wa bwenini walikuwa wameicheka kola yako na viatu vyako vya kukagulia paa. Ulipoinua mkate safu nzima ilisimama, mimi nikabaki nimeketi, nimekunja mikono. Bwana Ormerod alikukataa kwa imani yake, mbovu lakini yake. Mimi nilikukataa nisichekwe pamoja nawe. Na yeye hatimaye alikula.

Bibi amesema nisifute hata neno.

Wanaokukumbuka leo na siku zote: mumeo Giles, mama yako Winifred, binti yako Hester, na mimi, Thirza, niliyebaki nimeketi.