Fukusi Ambao Sikuwahesabu

Jumatatu. Mvua ilianza kabla sijaamka, na sasa saa kumi jioni bado inanyesha, ile mvua yetu ya Tukuyu isiyo na haraka. Nimekaa chumbani kwa dada yangu hapa Ibighi, suruali ina matope hadi magotini, na nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Sitaki kuzungukazunguka. Nimedanganya.

Nianze na siku ya kujiandikisha. Mwaka wa tatu wa shahada yetu ya sayansi tunaruhusiwa kuchukua kozi ya utafiti wa kujitegemea. Haina vipindi wala mtihani. Unatafuta mhadhiri akubali kukusimamia, anasaini fomu, unakwenda fildi, unarudi na daftari la takwimu na ripoti. Wenzangu walioichukua walikuwa na maswali yaliyowanyima usingizi. Mimi sikuwa na swali lolote. Nilitaka kuikwepa kemia, nilitaka kurudi nyumbani, na, niseme tu ukweli, nilitaka kuitwa mtafiti. Kwenye fomu niliandika kwamba nina shauku ya muda mrefu na fukusi wa migomba, wale wadudu wanaotoboa mashina. Shauku hiyo ilikuwa na umri wa dakika arobaini hivi.

Mhadhiri akasaini. Bwana shamba akanipeleka Suma kwa Mama Atupele, mjane mwenye shamba la migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa bandani. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unakata kipande cha mgomba uliokwisha kuvunwa, unakipasua katikati, unakilaza chini ya shina, upande uliopasuliwa ukigusa udongo. Fukusi wanafuata harufu na ubaridi, wanajificha chini yake. Baada ya siku tatu unakifunua, unahesabu, unaandika, unaweka kipande kipya. Niliweka mitego kumi upande wa juu wa shamba na kumi upande wa chini, karibu na kijito. Tulitaka kujua fukusi wamezidi wapi, ili Mama Atupele ajue aanze kung'oa migomba ya upande gani.

Wiki nne za kwanza nilikwenda kwa uaminifu. Pande zote mbili zilikuwa karibu sawa. Mama Atupele alikuwa akinifuata mtego hadi mtego, kisha ananipa chai ya maziwa. Majirani wakipita anawaambia, "Huyu ni mtafiti wangu." Kichwa kikavimba.

Wiki ya tano mvua ikakazana. Njia ya Suma ikawa utelezi mtupu, nami nikawa nashinda saluni kwa dada, karibu na soketi ya kuchajia simu. Siku ya kwanza nilijiambia nitakwenda kesho. Kesho yake nikafungua daftari nikaandika namba. Juu: tatu, mbili, tano. Chini: tisa, kumi na moja, nane. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba fukusi wanapenda unyevu, basi nikawajaza upande wa kijito. Niliweka na sifuri mbili tatu ili zionekane za kweli.

Halafu nikachota tope uani kwa kidole, nikalipaka kwenye ukurasa.

Hilo tope linaniuma kuliko hata namba zenyewe. Namba ningeweza kusema ni uvivu. Wiki mbili nzima nilifanya hivyo, na msimamizi wangu alipoona picha za kurasa zile nilizompelekea kwa simu alinitumia ujumbe kwamba takwimu zangu zimetulia, kwamba mimi ni mtu makini. Nikafurahi! Jumatano iliyopita nikampigia Mama Atupele kwa sauti ya kitaalamu, nikamwambia upande wa chini ndio ulioharibika.

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kurudi Suma baada ya hizo wiki mbili. Nimekuta mashina sita ya upande wa chini yameng'olewa, mizizi juu, na mkungu mmoja mchanga umelala kwenye matope. Mama Atupele alikuwa amekonda. Salamu ilikuwa haijaisha vizuri, akaanza kuniomba radhi.

"Mwanangu, unisamehe kwa mitego yako. Shemeji yangu wa nyumba hii ya pili kutoka kwangu alifariki. Si unajua msiba, hakuna wa kushika jembe wala kwenda kukata majani. Ng'ombe akalia siku mbili. Nikaokota vile vipande vyako vyote nikamkatakatia. Wiki mbili hizi mtego haupo hata mmoja."

Nilikuwa nimeshika daftari lenye hesabu za fukusi wa siku ileile waliyomzika shemeji yake. Tena nimeingia pale natabasamu, sina habari hata ya msiba.

Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote usoni, "Sasa zile ulizoniambia kwenye simu, ulihesabia wapi?"

"Kwenye shamba moja la kule juu," nikasema.

Papo hapo, wala ulimi haukujikwaa. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru. Akasema kesho ndugu za marehemu mume wake watakuja kumsaidia kumalizia kung'oa upande wote wa chini. Nikanywa chai yake. Nikaaga. Nikaondoka.

Nimefika hapa na matope yangu, nikamwandikia msimamizi. Nilifuta mara nyingi, mwisho ikabaki mistari minne. Wiki nne ni za kweli, mbili nimezibuni, zile za kweli hazionyeshi tofauti yoyote, na niko tayari kwa lolote. Hiyo ya mwisho nayo si kweli sana. Naogopa. Wanaweza kuifuta kozi, wanaweza kunirudisha mwaka. Mpaka sasa hajajibu.

Halafu nikampigia Mama Atupele. Nilitaka kuanzia mbali, nikashindwa. Nikamwambia sikuja wiki zile mbili, namba nilizitunga nikiwa saluni, na hakuna shamba lolote la kule juu. Nikamwomba asing'oe shina lingine hata moja.



"Nilijua," akasema. "Uliponipigia niliamini, nikang'oa; baadaye nikakumbuka mitego ilikuwa haipo, na msibani sikukuona. Nilikuuliza ili useme mwenyewe."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. Wale ndugu wa mumewe atawazuia. Kesho niende na jembe, daftari nililiache, tutafute machipukizi mazima kwenye yale mashina sita tuyarudishe ardhini. "Ila usije kwangu moja kwa moja. Pita kwanza kwa wafiwa, ukawape pole." Akakata simu.

Nimekaa hapa nasikiliza mvua. Jembe la kuazima lipo kwa jirani, na matope siyaogopi tena. Naogopa ile nyumba ya pili. Kesho nitavua viatu mlangoni na kukaa mbele ya wale watu. Wakiniuliza kwa nini mimi, niliyekuwa nakunywa chai hatua chache kutoka kwao, sikuonekana siku ya kumzika mzee wao, sina jibu lingine isipokuwa kwamba nilikuwa mjini, mkavu, natunga namba.