Boti Iliyokwenda Kinyumenyume

Karakana ya Marehemu Baba,
Nyuma ya Gati.
14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako limepata nafuu? Kama bado unapanda ngazi za ghorofa nne kwa ubishi, pole, lakini sitakulaumu, maana ubishi wangu nimeurithi kwako. Sisi ni wazima. Mama amepata miwani mipya na sasa anaona hata vumbi ambalo halipo.

Najua umeshasikia kwamba nimewaaibisha. Ni kweli, boti ya Baba ilirudi nyuma mbele ya gati zima. Sasa sikia na kwangu mimi niliyekuwa ndani yake.

Unajua injini yake ilivyo mlafi wa mafuta. Ndiyo sababu Kaka anataka iuzwe. Nilichomelea mapezi mawili ya chuma, nikayafunga chini ya omo, pale mbele ya boti, kwa springi za pikipiki mbovu. Wimbi likiinua boti, mapezi yanapinda chini. Boti ikishuka, yanapinda juu, na kila mara yanasukuma maji kama mkia wa samaki.

Nilipoitoa boti gatini, nikazima injini. Boti ikaenda kinyumenyume hadi ikagonga ngazi za gati. Makoleo, fundi injini wetu, akaniambia, "Dada, hongera, umevumbua kurudi nyumbani." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kosa lilikuwa langu: kwa mazoea yangu ya kutengeneza mageti, nilizitia bawaba nyuma ya mapezi badala ya mbele.

Lakini nikuulize, Shangazi. Kitu kisicho na nguvu kinawezaje kuvuta boti nzima, hata iwe kinyumenyume? Hakuna aliyejiuliza hivyo. Kaka ndiye aliyecheka zaidi, na kesho yake akaleta mnunuzi wa chuma chakavu.

Jumanne nikahamisha bawaba, nikatoka na Mama peke yake. Injini ikiwa imezimwa, boti ilikwenda mbele, polepole kama anayetoka msibani, lakini mbele, hadi kwenye boya jekundu. Sisemi tuitupe injini. Itapunguziwa mzigo, basi. Mama, ambaye hajakanyaga boti hiyo tangu tumzike Baba, aliniomba usukani.

Kaka hakuja kuona. Anasema mtu wa mageti abaki na mageti yake. Aseme atakavyo, boti haiuzwi. Nimechoka kuchekwa na watu wasiolowa.

Wasalimie mapacha na baba yao. Mama anakusalimu sana. Mungu akulindie goti, na ulimi wako pia, maana nitauhitaji.

Baba aliwaachia boti wewe na Kaka; yeye ameshatia sahihi, imebaki yako tu, na alinituma nikupelekee karatasi ya mauzo. Sikumkatalia. Ndiyo hii uliyoishika. Nimekuandikia nyuma yake. Ukiamua kutia sahihi, itabidi kwanza uilaze barua yangu kifudifudi.

Mimi nikupendaye,
Mwanao wa mageti.