Aliyeibeba Picha ya Guadalupe

Isabela, leo nimeaibika kanisani, sijui nijifiche wapi 😭

Padre alinipa nafasi nisimulie habari za ile picha yetu ya Bikira Maria wa Guadalupe, iliyoletwa nchini na padre wa Meksiko mwaka 1957, enzi za Mwingereza. Nikasema katekista Nikolao ndiye aliyeibeba kutoka Nanganga mpaka huku Newala.

Bibi Getrude akasimama! "Nikolao alibeba fimbo tu. Picha nilibeba mimi, kichwani, huku nina mimba!"

Kanisa zima wakageuka kunitazama mimi.

Na bibi alishanisimulia mwenyewe, Isabela! Mimi nikaona hadithi itanoga zaidi mbebaji akiwa katekista. Yaani nilimfuta bibi kwenye hadithi makusudi!

Wakati wa kutakiana amani nikamfuata. Akanishika mkono, akasema, "Amani, mjukuu wangu. Ila mimi sijafa bado."