Kamba ya Kuzimu

Jumatatu, tarehe 4

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila miguu imevimba. Mama anakula? Mwambie nimefika lango la Kuzimu, na mbwa wa vichwa vitatu ni kweli yupo. Nilimrushia mkate mmoja, vichwa vikagombana vyenyewe kwa vyenyewe, nikapita.

Mlinzi amekubali kumwachia kaka. Nimfunge kamba kiunoni, nimtoe mwenyewe. Sharti ni moja: nisimtazame mpaka sote wawili tuwe juani. Nikimtazama, harudi tena. Tunaondoka Alhamisi. Barua zinaletwa na mvushaji wa mto, kwa hiyo andika upesi. Huku kuna baridi na hakuna anayesema kwa sauti. Naogopa, baba.

Binti yako

Jumanne, tarehe 5

Mwanangu mwenye kichwa kigumu,

Marahaba. Leo mama yako amekula, mara ya kwanza tangu tumzike kaka yako. Ametandika vitanda vyenu vyote viwili.

Sikiliza. Njia ni ya mwinuko na kaka yako si mwepesi. Usimburute kama mbuzi. Vuta kama tunavyosokota kamba hapa karakanani: rudi kinyumenyume, hatua fupi fupi, kamba isilegee. Mtoto wa nyoka ni nyoka; miguu yako inaijua kazi.

Baba yako

Jumatano, tarehe 6

Mwanangu,

Sikusalimu, nisamehe. Asubuhi nilikuwa kazini, narudi kinyumenyume, macho kwenye kamba, ndipo nikashtuka. Anayerudi kinyumenyume anamtazama anayemvuta! Usifuate barua yangu ya jana. Mpe mgongo. Mvushaji ameshaondoka, nimemtuma jirani akimbie. Nijibu, hata neno moja.

Baba

Jumapili, tarehe 10

Baba,

Shikamoo. Nimetoka salama. Jirani amenikuta hapa nje ya lango, ndipo nikasoma barua yako ya pili.

Nilianza kwa kumpa mgongo. Tulipokaribia mwanga kaka alichoka, kamba ikawa nzito, nikakumbuka ulivyoniandikia. Miguu ikageuka yenyewe. Nilimwona, baba. Amekonda, lakini ni yeye. Akacheka: "Wewe na baba hamuwezi kuacha kazi." Kisha kamba ikawa nyepesi.

Jirani anatangulia na barua hii, mimi nafika kesho. Mama atauliza. Nitamwambia nilimkumbuka mno kaka, nikashindwa kujizuia. Na wewe useme hivyo hivyo. Barua yako ya Jumanne nimeichoma.

Binti yako