Gari Liko Nje

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye hotipoti. ~~Wape watoto kwanza.~~ Wape watoto chote.

Asubuhi nimekwenda ofisi ya magari. Ukaguzi wa gari umekwisha muda na kodi ya barabara inazidi kupanda, huku mdogo wako kaenda na gari nchi jirani, eti harusini. Ulinifundisha niseme, “Gari liko nje.” Nikasema. Mkaguzi akachukua tochi yake, akatoka uani kulitafuta! Namkimbilia nyuma: “Si nje hiyo, baba, nje ya nchi!” Foleni nzima ilicheka mpaka mlinzi akakaa chini. Ningecheka na mimi, kama aibu isingekuwa yangu.

Wanataka karatasi ya mpakani yenye muhuri ndipo kodi isimame. Wasipoiona leo, wanalifuta gari kwenye usajili. Mpigie huyo mdogo wako, Bwana Kesho, atume picha ya karatasi hiyo sasa hivi. Na akivuka kurudi, aende ukaguzini moja kwa moja, asipite hata kwa mama yenu kusalimia.

Mimi natoka kwenda sokoni kwa miguu na marobota yangu ya nguo kichwani, kwa ukarimu wako wa kuazimisha gari. Mtu akiniulizia, mwambie niko nje. Anitafute na tochi.

Mama Watoto,
mwenye gari